Mifugo Yangu Ilivyokula Mto wa Harusi

Bibi yangu alipanda magugu kwa makusudi. Bwana shamba alishindwa kulielewa jambo hilo, na wengi walishindwa baada yake, kwa hiyo ni vizuri nilitangulize. Nyuma ya nyumba yake hapa Endagikot, kati ya zizi la mbuzi na kitalu cha vitunguu saumu, ulikuwepo mstari wa mimea iliyomfikia mtu kifuani. Majani yake yalikuwa membamba. Maua yake meupe yaliinama kama wanakwaya wakati wa kutubu. Matunda yake ya kijani yalikuwa yamevimba, mepesi, yana vinyweleo laini, na ukiliminya moja linatoa pumzi tu. Watoto wa shule wanayaita maputo. Ukivunja jani linatoka tone la maziwa mazito yanayonata, ambayo tangu utotoni tulikatazwa kuyapeleka karibu na macho. Mbuzi wa Bibi wanakula hata kamba waliyofungiwa, lakini mmea huo wanaupita wameangalia pembeni, kama watu wanaompita anayewadai kanisani.

Bwana shamba wetu ni kijana wa Tanga. Serikali ilimleta huku juu kwenye baridi, na tangu afike hajawahi kuvua koti. Mmea ule aliuita gugu, jina analokipa kila kitu kisicho mahindi, maharage wala kitunguu.

"Bibi, hili gugu ungeling'oa," alimwambia.

"Nimelipanda mimi, mwanangu."

"Umelipanda?"

"Na mbolea nimeweka."

Akaaga na kuondoka, mikono mifukoni, akiwa na sura ya mtu aliyeambiwa kwamba mvua inanyesha kutoka chini.

Bibi alikuwa na sababu yake. Puto likikauka linapasuka, na ndani yake mna pamba laini inayong'aa kama nywele za mtoto mchanga, kila unyuzi umeshika mbegu ndogo ya kahawia. Kwa pamba hiyo Bibi anashona mto wa kulalia, na kila binti anayeolewa kutoka kwake anaondoka na mto mmoja. Mama yangu aliondoka nao. Mama zangu wadogo waliondoka nayo. Bibi mwenyewe alikuja na wa kwake kutoka Maretadu, aliopewa na mama yake, na bado anaulalia.

"Ukienda kwa watu," huwa anasema, "kila sikio la nyumba ile ni la ukoo wa mume. Lazima uende na kitu kimoja cha kukusikiliza wewe."

Mto wa dukani, kwa maoni ya Bibi, unalaza kichwa tu. Hausikilizi.

Mwaka huo mdogo wangu alikuwa anaolewa Dirma, huko chini Hanang, baada ya mavuno ya mahindi. Mstari wote ule ulikuwa mto wake. Mimi pia niliwahi kupandiwa wa kwangu, miaka iliyopita, lakini harusi haikuja. Maputo yakakomaa, yakapasuka, upepo ukayachukua, na Bibi hakusema neno. Kwa Bibi, kutosema neno ni hotuba.

Nilikuwa nimerudi nyumbani kumalizia riwaya. Kule Dar es Salaam sisi waandishi vijana tunakutana kila Jumamosi kusomeana sura na kuumizana kwa upole, nami nilihitaji mahali ambapo hakuna mtu angeniuliza riwaya imefika wapi. Ilikuwa imefika kwenye sura ya mwanamke anayesubiri dirishani. Nami nilisubiri naye. Nilikaa nyuma ya nyumba na kompyuta magotini, nikitazama ukungu unavyotambaa juu ya mashamba, na yule mwanamke hakusogea hata hatua moja.

Ndipo nikamwona kiwavi wa kwanza.

Alikuwa kwenye jani la puto, amevaa mistari myeusi, myeupe na ya njano kuanzia kichwani hadi mkiani, na mgongoni ana nyuzi nyeusi mfano wa pembe, kana kwamba fundi wake alikuwa na vipande vya vitambaa vilivyobaki na hakutaka vipotee. Alikula jani kutoka ukingoni kwa mpangilio, akirudi kila mara mwanzo wa mstari kama mtu anayesoma. Nikamwacha mwanamke wangu dirishani. Kesho yake niliamka mapema na kuwakuta wengine. Nikamwona na mama yao, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, akigusa majani kwa mkia wake, jani hili, jani lile, na kila alipogusa aliacha yai dogo kuliko punje ya chumvi. Jogoo mmoja alimdonoa kiwavi mmoja mbele yangu, akamtema, akafuta mdomo wake mavumbini kwa muda mrefu, halafu akasimama akifikiri. Maziwa ya ule mmea ni makali, na anayeyala anakuwa mkali vilevile. Nilijiona nimeonyeshwa siri ya dunia bila kulipa kiingilio.

Wakati wa chai nikasema, kwa furaha ya mtu aliyepata wageni, "Bibi, viwavi wangu wanakua vizuri sana."

Bibi akaweka kikombe chini. "Wako wapi?"

"Kwenye maputo."

Alitoka na kurudi na ndoo ya vitunguu saumu vilivyopondwa, pilipili, majivu na sabuni ya kufulia, dawa inayomtoa machozi hata mtu anayepita barabarani. Nikawahi kusimama mbele ya mstari.

"Sogea," alisema.

"Bibi, hawa si viwavijeshi. Hawagusi mahindi."

"Sijapanda mahindi hapa."

Nikampigia simu bwana shamba. Akaja, akainama, akawaangalia kwa muda, na nikaona amewapenda.

"Kweli, Bibi, si viwavijeshi," alisema. "Hawa chakula chao ni gugu hili tu. Ukiling'oa wanakufa wote."

"Na nikiliacha?"

"Wanalimaliza."

"Asante, mwanangu. Umenisaidia."

Tulifikia mapatano. Nilifunga kamba ya katani katikati ya mstari. Upande wa zizini ukawa wa viwavi wangu, na upande wa vitunguu ukawa wa mto. Kila asubuhi nilipita nikiwaokota waliovuka, mmoja mmoja, na kuwarudisha kwao juu ya jani. Bibi alisimama na ndoo yake kama askari wa mpakani, akinionyesha kwa kidole. "Yule mwenye pembe. Yule mnene. Yule anajifanya hajakusikia." Siku zikapita kwa amani. Mdogo wangu akaja mara moja kupima gauni, akautazama mstari wake wa maputo, akacheka, akasema mto wake una mifugo mingi kuliko mahari.

Kisha nikaenda Mbulu mjini kutafuta mtandao mzuri wa kuwatumia wenzangu sura yangu. Mvua isiyo ya msimu ikanilaza huko kwa rafiki. Niliporudi, Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mstari, mikono mapajani. Hakukuwa na jani upande wa zizini. Hakukuwa na jani upande wa vitunguu pia. Vilibaki vijiti, na juu yake maputo machanga yaliyosinyaa kama mashavu ya mzee asiye na meno. Kamba ya katani ilikuwa imefungwa vizuri pale pale.

"Mifugo yako ililala wapi jana?" Bibi aliuliza.

"Bibi, si mifugo."

"Nimekuuliza ililala wapi."

Kwa kilimo cha kwetu hakuna kosa la kale kuliko hilo. Ng'ombe wa mtu ameingia shamba la mtu. Bibi hakunifokea. Alivaa shuka lake zuri akaenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti ni mzee aliyesuluhisha kesi za kila mbuzi na kila mahindi ya upande huu. Alikuja na fimbo yake, akapokea shikamoo yangu, akanywa chai, kisha akaomba apelekwe kwenye eneo la uharibifu. Aliukagua mstari kutoka mwanzo hadi mwisho. Akagusa vijiti kwa fimbo. Akaangalia kamba ya katani na kutikisa kichwa. Bwana shamba alikuwa ameitwa kama mtaalamu, na kwa heshima yake shauri likasikilizwa kwa Kiswahili badala ya lugha ya kwetu.

"Aliyeliwa ni nani?" mwenyekiti akauliza.

"Ni mimi," Bibi alisema. "Nimeliwa mto wa mjukuu wangu. Harusi ni baada ya mavuno, na msimu mwingine wa maputo hautakuwepo kabla yake."

"Na mwenye mifugo?"

Wote wakanitazama.

"Mzee," nilisema, "hawa ni wadudu wa porini. Wamekuja wenyewe."

"Kwa hiyo si wako."

"Si wangu."

Bibi akainuka, akashika ndoo yake ya vitunguu saumu.

"Ni wangu," nikasema.

"Wako au si wako?"

"Wangu, mzee."

"Amekubali mbele ya watu," mwenyekiti alisema, na akamgeukia bwana shamba. "Mtaalamu, mifugo hii inaweza kufungiwa zizini?"

"Hapana, mzee. Ila wakishashiba wanaacha kula. Kila mmoja anakwenda zake kutafuta mahali pa kuning'inia kichwa chini."

"Wanajinyonga?"

"Wanajigeuza. Halafu wanaruka."

Mwenyekiti alikuna kidevu kwa kichwa cha fimbo. "Nimesikiliza kesi za ng'ombe walioruka uzio," alisema. "Wa kuruka moja kwa moja, ndio hawa."

Hukumu yake ilikuwa fupi. Mifugo ikila mahindi, mwenye mifugo analipa mahindi. Hapa umeliwa mto, basi nilipe mto, wa pamba ile ile, kabla ya siku ya kumuaga binti. Na kwa kuwa mifugo imekwisha kutozwa fidia, mtu yeyote haruhusiwi kuidhuru. Hapo akaiangalia ndoo ya Bibi, na Bibi akaiweka chini. Nilikuwa nimeshindwa kesi na viwavi wangu wamepata ulinzi wa sheria. Kwa mwandishi hiyo ni siku nzuri.

Nikaanza kutafuta magugu, na nikagundua kwamba nimezaliwa mahali pabaya kwa kazi hiyo. Nilianzia Maretadu alikozaliwa Bibi, nikiamini huko maputo yatakuwa kila njia. Watu wa Maretadu wanalima. Walikuwa wamevuna mahindi na maharage, na mashamba yao yalikuwa safi kama sahani zilizooshwa na mtu mwenye hasira. Nililaani bidii yao kutoka boma hadi boma.

Kwenye boma moja nilimkuta mama mtu mzima akipepeta maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Asante. Samahani, mama, una magugu?"

Ungo ukasimama hewani. "Umeyaona wapi magugu kwangu?"

"Sijayaona, mama. Ndiyo maana nauliza."

"Nani amekutuma? Ni huyo wa hapo juu?"

"Hakuna aliyenituma. Nayahitaji."

"Basi nenda kwa huyo wa hapo juu. Yeye anayo ya kukutosha wewe na ukoo wako."

Nikaenda kwa wa hapo juu, na safari hii nikajaribu kulipamba swali langu. Nilieleza habari za mto, za Bibi, za harusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni. "Na aliyekuambia magugu yako kwangu," akasema, "ni yule anayepepeta hapo chini?" Niliondoka nikiwa nimeacha vita ambavyo huenda havijaisha mpaka leo, na mkononi sina hata puto moja.

Nililala kwa ndugu wa Bibi, na asubuhi nikakodi bodaboda hadi Dirma. Huko ni kukavu zaidi, watu wana mifugo mingi, na pembeni ya njia ya ng'ombe maputo yalikuwa yamesimama kwa makundi, yamekauka, yamepasuka, pamba imechungulia nje. Karibu nilie. Nilifungua kiroba nikaanza kuchuma kwa mikono miwili, huku dereva wangu amekaa juu ya pikipiki akinitazama kama mtu anayejiuliza kama nauli yake ataiona.

Kitu kimoja sikukifikiria. Dirma ndiko alikokuwa anaolewa mdogo wangu. Nilipoinua kichwa, mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa amesimama njiani na ng'ombe wake, na mimi nina pamba kwenye nywele, kwenye nyusi na mdomoni.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikitema unyuzi.

"Marahaba." Aliniangalia vizuri. "Wewe si dada wa bibi harusi wetu?"

"Ndiye mimi, mama."

"Kwenu mmekosa nini?"

Nikamweleza, kwa haraka, nikiona harusi nzima ikiyumba. Alisikiliza. Ng'ombe wake wakapita kando ya maputo bila kuyagusa.

"Hawa wetu hawali mmea huo," alisema.

"Wa kwetu ndio wanaokula, mama."

"Ng'ombe?"

"Wadogo. Wana mistari."

Hakucheka. Alikunja kanga yake kiunoni, akaingia kwenye majani, akaanza kuchuma. Tulijaza kiroba, na nilipoondoka aliniambia niwasalimie nyumbani, kwa sauti ya mtu atakayeyafikiria mambo haya baadaye akiwa peke yake.

Kiroba kilifungwa nyuma ya pikipiki. Tulipokuwa tunapanda kilima, upepo ukiwa umechachamaa, mshono wake ukaachia. Mimi sikujua. Dereva ndiye aliyeona kwenye kioo chake wingu jeupe linatufuata.

"Dada," alisema kwa utulivu mkubwa, "tunaungua." Akasimamisha pikipiki, akaruka upande wa kulia. Nami nikaruka upande wa kushoto. Tukasimama kila mtu na mtaro wake, tukitazama mto wa mdogo wangu ukienda juu ya bonde, unyuzi kwa unyuzi, kila mmoja na mbegu yake. Jua lilikuwa nyuma yake. Sijawahi kuona kitu kizuri kama hicho nikiwa na hofu kiasi hicho.

Kilichobaki Bibi alikipima kwa mkono, bila kuuliza. Tulikaa barazani kutwa nzima kutoa mbegu. Mimi nilitoa, naye akakagua kila konzi kabla ya kuiingiza kwenye foronya aliyokwisha kuitarizi. Tulipomaliza, foronya ilikuwa imejaa nusu. Bibi akaikunja, akaikunjua, akaigonga. Ilibaki nusu.

Siku zile viwavi wangu walikuwa wamekwisha kutawanyika kwenda kuning'inia, kama alivyosema mtaalamu. Mmoja alikuwa amechagua ukingo wa ndoo ya vitunguu saumu. Alining'inia humo ndani kama kifuko cha kijani kibichi chenye vidoti vya dhahabu halisi, na hata harufu ile haikumsumbua. Bibi alimgundua kabla yangu. Wapishi walipokuja kukusanya ndoo za maji ya sherehe, aliwakataza. "Hiyo ina mgonjwa," alisema.

Asubuhi ya kumuaga mdogo wangu, Bibi aliingia ndani akatoka na mto wake mwenyewe, ule wa Maretadu, uliolaliwa mpaka ukawa mwembamba kama chapati. Akakaa kigodani, akaufumua mshono kwa wembe. Pamba yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaimimina yote juu ya ile niliyoleta, akachanganya kwa vidole, akashona. Mto ukajaa.

"Bibi, wewe utalalia nini?"

"Mimi nimekwisha kusikilizwa." Akakata uzi kwa meno. "Lakini hukumu ilikuwa mto mzima. Wewe umelipa nusu. Usifikiri nimesahau."

Mdogo wangu aliupokea mto mbele ya watu wote, akauweka sikioni kwanza, kama tulivyofundishwa, na Bibi akaangalia pembeni kwa muda mrefu. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa akitoa nasaha za ndoa, na alikuwa amefika mbali, pale kipepeo wa rangi ya chungwa alipopepesuka kutoka nyuma ya nyumba, mbawa bado laini, akatua kwenye fimbo yake. Mzee akakatiza maneno. Akamtazama kipepeo, akanitafuta kwa macho kati ya watu.

"Mwenye mifugo," alisema, "njoo uifunge."

Mvua zilipoanza tena nilikuwa bado Endagikot. Riwaya nayo ilikuwa bado. Mdogo wangu akapiga simu kutoka Dirma. Anasema huwa anautoa mto dirishani kila Jumamosi na kuupiga kwa fimbo upate hewa, na sasa chini ya lile dirisha yameota maputo, mengi, na juu yake wametokea wadudu wa mistari. Mama mkwe wake hakuyang'oa. Alikuja kusimama hapo kila jioni akiwatazama, kisha siku moja akasema, "Mwambie dada yako ng'ombe wake wamefika. Nani atachunga?"

Nilimpelekea Bibi habari hiyo kitaluni. Nikamuuliza mbegu ziliingiaje, maana nilitoa mimi na kukagua akakagua yeye.

"Macho yangu siku hizi," alisema.

Macho hayo yanaona kijiwe kwenye ungo wa maharage kutoka mlangoni. Aliinama, akang'oa kitunguu saumu kimoja, akakikung'uta udongo taratibu.

"Utakwenda Dirma," akasema. "Mwambie mdogo wako mifugo ikae upande mmoja wa dirisha. Upande mwingine ni nusu yangu. Na kiroba safari hii ukipakate."

Nikaingia ndani kutafuta kamba ya katani.